Nyembe saba na msimu mmoja wa masika: kisa cha ala nilizozishona kwa ngozi

Mwanzoni mwa Machi, mvua zikiwa bado hazijashuka, mzee mmoja wa Ngamiani hapa Tanga aliniletea nyembe saba za kukunja zilizofungwa ndani ya taulo. Alinyoa watu kwa zaidi ya miaka 40. Kasha la mbao alimokuwa akizilaza lilikuwa limeliwa na mchwa, akataka nimshonee ala, moja kwa kila wembe. "Nitafutie ngozi nzuri, mwanangu," aliniambia. "Hizi ndizo zilizonisomeshea watoto."

Nikamtafutia ngozi nzuri. Katikati ya Juni alirudi nazo. Nne zilikuwa zimeliwa na kutu hadi kwenye makali. Mmoja ulikuwa na kutu kwenye pini ya mpini. Mmoja ulikuwa na doa moja dogo. Na mmoja ulikuwa unang'aa kama siku aliyouleta, na huo ndio wembe pekee ambao sikuushonea kitu.

Mimi ni fundi wa ngozi. Mzee hakunilaumu, lakini kazi ni yangu na kosa ni langu. Nalieleza lote kwa sababu nililifanya kwa kufuata jambo ambalo mafundi wenzangu wengi bado wanawaambia wateja: kwamba chenye makali nyumba yake ni ngozi. Ala inakaa na chuma gizani miezi mitatu, minne, mwaka mzima. Anayeichagua inampasa ajue itatoa nini muda wote huo, na itashikilia nini. Mimi nilitazama ulaini, rangi na mshono.

Nyembe zenyewe kwanza, maana bila kuzifahamu mtu ataona nimekuza jambo dogo. Nne zilikuwa na muhuri wa Solingen, mji wa Ujerumani ambao jina lake linalindwa na sheria tangu mwaka 1938 ili asiyefua chuma huko asilipige kwenye bidhaa zake. Mbili zilitoka Sheffield, Uingereza, ambako Benjamin Huntsman katika miaka ya 1740 alianza kuyeyusha chuma chenye kaboni kwenye vyungu vya udongo na kupata chuma chenye usawa ndani yake, kinachoshika makali. Mmoja alama zake zilikuwa zimefutika. Hakuna hata mmoja wa zile za Solingen ulioandikwa "rostfrei", neno ambalo Wajerumani hulipiga kwenye chuma kisichoshika kutu. Chuma cha namna hiyo kilikuja baadaye: Harry Brearley, naye wa Sheffield, alikipata mwaka 1913, na siri yake ni kromu, isiyopungua asilimia 10 na nusu hivi. Nyembe za mzee ni chuma na kaboni, na kromu hamna ya maana. Zikiachwa zilale na maji, zinaoza.

Na zinaoza mahali pabaya kuliko pote. Mgongo wa wembe ni mnene. Ukiwa na madoa ni suala la sura tu. Lakini wembe wa kukunja umechimbwa ubavuni pande zote mbili hadi ukaribiapo makali unakuwa mwembamba kama karatasi, na ncha yenyewe ya makali haifiki hata mikroni moja, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita. Unywele wa mtu ni kama mikroni 70. Kijishimo cha kutu ambacho kwenye panga usingekiona, kwenye makali ya wembe ni pengo, na pengo hilo linakwangua shavu. Huwezi kulifuta kwa kitambaa. Inabidi ulile chuma chote kwenye kinoo mpaka ulifikie, na wembe wenye upana wa robo tatu ya inchi hauna chuma cha kutupa.

Sasa nilichokifanya. Nilikuwa na ngozi ya mbuzi iliyosindikwa kwa magome, laini, rangi ya tende, kazi nzuri kabisa. Ilitosha ala sita. Nne nilizishona zikiwa ngozi tupu, upande wa nyama ukitazama ndani kwa sababu una manyoya mafupi kama mahameli, na nikaamini ule ulaini utayalinda makali. Ala mbili za mwisho zilitoka kwenye kipande kigumu cha pembeni, nikahofia kitakwaruza mipini ya pembe, nikazitia bitana ya merikani nyeupe. Wembe wa saba ulikosa ngozi. Nilimwomba mzee asubiri mzigo mwingine. Yeye akauviringisha kwenye kitambaa chakavu ambacho mkewe hufutia cherehani, akautia kwenye droo ya kabati la vyombo pamoja na wenzake sita. Kisha mvua zikaanza, na hakuna aliyelifungua droo lile hadi Juni.

Bila kukusudia nilikuwa nimefanya jaribio. Kabati moja, msimu mmoja, mzee mmoja, ala za namna tatu. Ningekuwa nimezitia zote ngozi tupu nisingejua chochote zaidi ya kwamba masika ya Tanga yana unyevu.

Nilizipanga juu ya karatasi nyeupe, nikazipasua ala zote sita kwenye mshono ili nione ndani, nikaazima lenzi ya sonara. Jambo la kwanza nililoliona halikuwa kwenye nyembe, lilikuwa kwenye ngozi. Katika ala tatu kati ya zile nne tupu kulikuwa na kivuli cheusi, kinachoelekea bluu, chenye umbo kamili la wembe uliofungwa: mstari wa mgongo ulioegemea upande mmoja, na mstari mwembamba upande wa pili ambapo makali huchungulia kati ya vibao viwili vya mpini. Juu ya chuma palikuwa na madoa meusi yaliyokaa sawasawa na kile kivuli, na ndani ya madoa hayo vijishimo.

Fundi yeyote wa ngozi anaujua weusi ule. Ukigusa ngozi mbichi ya magome kwa nyundo yenye maji, alama inabaki. Magome yana tanini, iwe ya mikoko ya pwani hii, ambayo zamani ilipakiwa majahazini kwa ajili ya viwanda vya ngozi, au ya miwati ya Njombe. Tanini hiyo ndiyo inayoigeuza ngozi isioze. Lakini tanini ni jamii ya asidi, na ikikutana na chuma kwenye unyevu inakitafuna na kutengeneza kitu cheusi, kile kile kilichokuwa wino wa waandishi kwa karne nyingi. Ngozi ya magome huwa na pH, yaani kipimo cha ukali wa asidi, ya 3.5 hadi 5 hivi; chini ya 7 ni asidi. Kila siku nilipokuwa nikiona alama ile ya nyundo niliiona kama kasoro ya ngozi. Sikuwahi kugeuza jicho nikafikiri upande wa chuma.

Wembe wa nne kati ya zile za ngozi tupu ulikuwa na ugonjwa mwingine, na nilikaribia kuupita. Kutu yake haikufuata umbo la ala. Ilikuwa nyekundu, yenye magamba, na ilikomea pale pale mpini unapofunika chuma. Sehemu ya mkia inayotokeza nje ya mpini ilikuwa karibu safi. Mpini wenyewe ulikuwa wa manjano, wenye mistari myembamba kama pembe ya ndovu, na karibu na pini ulikuwa umepasukapasuka na kutoa unga. Niliusugua kwa kitambaa chenye maji ya moto nikaunusa. Harufu ilikuwa kafuri, ile ile inayotiwa kwenye maji ya kuoshea maiti.

Hiyo ni seluloidi. Ilisajiliwa hataza mwaka 1870 na John Wesley Hyatt wa Marekani, na moja ya kazi zake za mwanzo ilikuwa kuchukua nafasi ya pembe za ndovu. Imetengenezwa kwa selulosi iliyotiwa nitriki, ikalainishwa kwa kafuri. Ikizeeka inavunjika yenyewe na kutoa gesi za oksidi za naitrojeni, ambazo zikikutana na unyevu zinakuwa asidi ya nitriki. Kwa hiyo wembe huu ulikuwa unaliwa na mpini wake mwenyewe. Ala yangu haikuanzisha jambo, ila ililifunga. Ndani ya kasha kubwa la mbao hewa ile ilikuwa ikipata pa kutokea; ndani ya ngozi iliyobana ilibaki pale pale juu ya chuma. Naongeza hili kwa msisitizo: mwenye wembe wenye mpini wa namna hii asijaribu kuutambua kwa sindano ya moto au kiberiti. Seluloidi ni ndugu wa baruti, inawaka kwa ghafla. Maji ya moto na pua vinatosha.

Zile mbili zenye bitana zilikuwa na habari fupi. Mmoja ulikuwa na doa moja, mahali ambapo mshono wa bitana ulikuwa umefumuka na ngozi kugusa chuma. Wa pili makali yake yalikuwa mazima, lakini pini ilikuwa imezungukwa na kutu. Nilimuuliza mzee kama aliutumia. Akakumbuka: ndio aliounyolea ndevu siku ya mwisho kabla hajaniletea, akaukung'uta na kuukunja. Maji yaliingia kwenye tundu la pini na hayakupata njia ya kutoka. Hapo ala haina hatia, ingawa wembe usioachwa wazi mpaka ukauke haupaswi kuingia kwenye ala ya aina yoyote.

Na ule wa saba, wa kitambaa cha cherehani, lenzi haikuona kitu. Kitambaa kile kilikuwa pamba iliyofuliwa mara mia, na kimenyonya mafuta ya cherehani kwa miaka.

Swali lililonisumbua usiku ule halikuwa la kutu. Lilikuwa hili: mzee alizitumia nyembe hizi miaka 40, hapa hapa Tanga, na kasha lake la mbao lilikuwa ovyo, tena alikuwa akizipaka mafuta ya nazi. Mbona hazikuoza? Nilimrudia nikamwuliza kila siku yake ya kazi ilivyokuwa. Alikuwa akifungua kibanda saa 1 asubuhi. Kila wembe ulipita kwenye ukanda wa ngozi kabla ya kila mteja, ukafutwa baada ya kila mteja, na jioni ukafutwa tena na kupakwa. Kutu haikupewa hata saa 12 za utulivu. Ilipofika miaka ya 1990, kampeni za ukimwi zikawafundisha watu kudai wembe mpya wa kutupa kwa kila kichwa, na vizuri walivyofanya, nyembe za kukunja zikabaki za ndevu zake mwenyewe. Hata hivyo alikuwa akizizungusha, leo huu kesho ule. Alipopata uzee akabaki na mmoja. Sita zikalala.

Wembe unaofanya kazi unatunzwa na mkono, na ala yake yaweza kuwa chochote. Wembe unaolala hauna mkono tena, ala ndiyo inayobaki nao. Ndiyo maana ushauri wa "ngozi kwa chenye makali" umeishi muda mrefu: wengi walioutoa walikuwa watu wa kutumia visu vyao kila siku. Na ndilo jibu langu kwa mtu anayeniambia kwamba hata ukanda wa kunolea ni ngozi. Wembe hupita juu ya ukanda kwa sekunde chache, ukiwa mkavu. Haulali hapo.

Kuhusu hewa yetu kuna mambo mawili ambayo nilikuwa nikiyachanganya. La kwanza ni unyevu. Tangu kazi za Vernon, mtafiti wa kutu huko Uingereza, kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, inajulikana kwamba chuma safi hushika kutu polepole sana mpaka unyevu wa hewa ufike karibu asilimia 60, halafu, hewa ikiwa na uchafu kama wa moshi, kasi inaruka. Tanga asubuhi nyingi za masika tunavuka 80. La pili ni chumvi. Chumvi ya mezani huanza kuvuta maji hewani na kulowana yenyewe unyevu ukifika asilimia 75, lakini chumvi ya bahari ina pia kloridi ya magnesi, na hiyo hulowana kuanzia asilimia 33. Maana yake, chuma kilichoguswa na vumbi la bahari, au na kidole chenye jasho, kinaweza kuwa na utando wa maji hata siku ambayo sisi tunaiona kavu. Mzee alipokuwa akiziingiza nyembe kwenye ala zangu, aliziweka kwa vidole vitupu. Nami vivyo hivyo nilipokuwa nikipima.

Nikaamua kujaribu vitambaa na ngozi kabla ya kushona tena. Majumba ya makumbusho yana jaribio linalojulikana kwa jina la Andrew Oddy wa British Museum, aliyelianzisha mwaka 1973 baada ya vitu vya kale kuharibiwa na makabati yaliyojengwa kuvilinda. Linavyofanywa siku hizi, kipande cha kitu kinachochunguzwa hufungiwa kwenye chupa pamoja na vipande vya fedha, shaba na risasi na maji kidogo, kwa nyuzi 60 za Selsiasi, siku 28. Mimi sina oveni ya maabara. Nilichukua vichupa kumi vya jamu na misumari isiyopakwa zinki, nikaisugua kwa msasa mwembamba, nikaifuta kwa spiriti na kuacha kuigusa kwa mkono. Kila msumari niliufunika nusu kwa kitu ninachokijaribu na nusu nikauacha wazi, ili nione nini kinaletwa na kugusana na nini kinaletwa na hewa ya ndani. Kwenye kila mfuniko nikabana pamba yenye maji yaliyochujwa, yale ya kuongezea kwenye betri, siyo tindikali. Vichupa vikakaa siku 28 juu ya kabati chini ya mabati, ambapo mchana hapakaliki.

Ngozi ya magome sikuhitaji kuisubiri. Siku ya tatu msumari ulikuwa mweusi chini ya ngozi, na nusu iliyo wazi ilikuwa imeanza kupata ukungu wa kahawia, kumaanisha hata bila kuguswa, hewa inayotoka kwenye ngozi haikuwa salama. Ngozi ya kromu, ile ya viatu, niliitegemea zaidi kwa kuwa haina tanini. Ilichelewa, lakini ilileta kutu nyekundu. Kabla ya kutiwa kromu ngozi huogeshwa kwa chumvi na asidi, na sehemu ya vitu hivyo hubaki ndani hata ngozi ikionekana kavu na safi.

Felti ya sufi ilikuwa mbaya kuliko nilivyotaraji, pengine kwa sababu ya rangi yake nyekundu iliyochujuka kwenye pamba. Boksi la viatu likafanana nayo. Reksini haikuweka weusi wala magamba. Iliacha vidoa vidogo na mafuta yanayonata. Ni plastiki ya PVC, ina klorini katika umbile lake, na vilainishi vyake hutoka nje taratibu na joto letu. Wateja wengi huniomba reksini kwa sababu ni rahisi kufuta. Kwa pochi naishona. Kwa chuma sitaishona tena.

Kilichonifunza zaidi ni merikani. Nguo hii nyeupe ya pamba isiyotiwa rangi ilifika Unguja katika karne ya 19 kwa meli za wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, na jina la nchi ikawa jina la nguo. Nilitia vipande vitatu: kimoja kama kilivyotoka dukani, kimoja nilichokichemsha mara mbili kwa maji matupu, na kimoja nilichokichemsha, kukianika na kukipaka mafuta ya cherehani. Cha dukani kilileta madoa. Nguo mpya ina wanga wa kiwandani, unavuta maji, na hujui imepita kwenye dawa gani za kung'arishia. Kilichochemshwa kilikuwa sawa na kichupa kitupu, yaani doa moja moja la unyevu tu. Chenye mafuta kilikuwa safi ndani na nje. Nguo moja, bei moja, na tofauti yote iko kwenye sufuria na tone la mafuta. Ala zangu mbili za Machi zilikuwa na bitana ya dukani, haikuchemshwa. Zilinusurika kwa bahati.

Kichupa cha kumi kilikuwa na mfuko laini wa plastiki ya PP, yaani polipropilini. Plastiki hii haitoi asidi wala haina klorini, na kwa hilo ni nzuri kuliko ngozi zangu zote. Lakini asubuhi palipopoa, maji yalijikusanya kwa ndani, na tone lilipolala juu ya msumari paliachwa mstari wa kutu ulionyooka. Plastiki haileti unyevu na haiutoi. Ukiufungia ndani, umeufungia.

Misumari sio nyembe, na siku 28 chini ya mabati sio mwaka kwenye droo. Jaribio kama hili linaonyesha tu kipi ni kibaya kuliko kipi. Kwangu lilitosha kuniondoa kwenye ngozi.

Nilifikiria pia mbao. Wajapani, ambao wamehifadhi panga za chuma cha kaboni kwenye nchi yenye mvua nyingi, huchonga ala za kupumzishia kwa mti uitwao honoki, wa jamii ya magnolia, mlaini na usio na utomvu mwingi, na huuacha mtupu bila rangi. Panga hupakwa mafuta ambayo kwa desturi yananukia karafuu. Jina lake, choji, ndilo jina la karafuu kwa Kijapani. Nimefurahi kulijua hilo nikiwa ng'ambo ya pili ya maji kutoka Pemba. Ila mti ule sina, na mbao zetu sizijui kwa kipimo hicho. Mwaloni wa Ulaya, kwa mfano, makumbusho huukwepa kwa kuwa hutoa mvuke wa asidi ya siki, na ukiutazama ni ubao mzuri ajabu.

Basi ala nilizozishona Julai zilikuwa hivi. Merikani iliyochemshwa, tabaka mbili, urefu wa sentimita 18 kwa wembe ambao ukikunjwa ni kama 15, wazi upande mmoja, na upande wa pili nikaacha tundu la kupitisha hewa. Uzi wa pamba. Hamna kifungo cha chuma wala cha shaba, na hamna mpira wa kubania kwa sababu mpira hutiwa salfa. Sikutia rangi, ingawa mke wa mzee alitaka ya bluu. Nguo nyeupe inasema mapema: doa la manjano kwenye kitambaa utaliona kabla kijishimo hakijapata kina kwenye makali. Kwenye ala ya rangi ya tende, kutu yote ya masika ilijificha machoni pangu.

Mafuta ni ya cherehani, tone mbili kwenye kitambaa kisha kitambaa kwenye wembe, na ndani ya tundu la pini kwa ncha ya njiti. Mzee alitaka kuendelea na nazi. Nilimweleza kwamba mafuta ya kula yanachacha, na yakichacha yanakuwa na asidi. Ya alizeti ni mabaya zaidi, yanaganda kama gundi. Mafuta ya madini, kama haya ya cherehani, hayachachi. Alikubali, lakini alisema harufu ya nazi ndiyo harufu ya kibanda chake, nami sikuwa na la kumjibu.

Nyembe sita zikaingia kwenye kontena la chakula la plastiki ya PP lenye mfuniko wa kubana, pamoja na vifuko vya silika vya rangi ya chungwa vinavyogeuka kijani vikishiba maji, ambavyo hurudishwa kwenye oveni vikakauka. Wengine hutia mchele. Mchele unavuta kidogo tu na unaacha unga. Chumvi ya kalisi inayouzwa kwa makabati ya nguo ndiyo ya kuogopa kabisa, kwa sababu ikishiba inakuwa maji ya chumvi.

Wembe wa seluloidi haukuingia humo. Ungewapa wenzake sumu yake ndani ya chombo kisichopumua. Niliuvua mpini, nikaufunga peke yake kwenye karatasi na kumwambia asiuweke karibu na jiko. Chuma chake kilikuwa kimetoboka kupita kiasi, hakinoleki tena. Mzee amekiweka kwa kumbukumbu. Kati ya zile tatu zenye madoa meusi, mbili alizinoa mwenyewe kwa siku nne, akakubali kupoteza karibu nusu milimita ya upana. Ya tatu ilikuwa ya Sheffield. Kijishimo kilikuwa karibu na katikati ya makali, na kukifikia kungeubadilisha wembe umbo. Aliutazama muda mrefu kwenye mwanga wa mlango, akaukunja, akasema uachwe kama ulivyo.

Ngozi bado naishona. Nimemtengenezea mzee mfuko wa ngozi wa kubebea kontena lile anapokwenda Pangani kwa mwanawe. Chuma hakiigusi.

Vuli ilipokwisha, mwishoni mwa Desemba, alikuja tukafungua pamoja. Vifuko vya silika viwili kati ya vinne vilikuwa vimeanza ukijani. Tulizitoa ala tano nyeupe kabisa. Ya sita ilikuwa na duara la manjano, dogo kama punje ya mtama, penye pini ya ule wembe wa ndevu. Mzee alinitazama kabla sijasema kitu. "Nilinyolea juzi," alisema, "nikaukunja ukiwa na maji." Tuliutia mafuta, tukauacha wazi juani kwenye karatasi, nami nikamkatia kitambaa kingine.